Umemdanganya Nani? Ufafanuzi Kuhusu Chiti Katika Michezo ya Mtu Mmoja

Mwezi Aprili 2019, wiki chache tu baada ya mchezo wa video uitwao Sekiro kuingia sokoni, mwandishi mmoja wa habari za michezo hiyo alieleza hadharani kwamba alimshinda adui wa mwisho kwa msaada wa programu iliyopunguza mwendo wa mchezo, na kwamba hakuona vibaya hata kidogo. Sekiro unajulikana kwa ukali wake, tena hauna mahali pa kuchagua kiwango cha ugumu: ama ujifunze kuukinga upanga wa adui kwa wakati wake barabara, ama ufe na kuanza tena. Lawama zikamiminika. Jibu lililosambaa kuliko yote lilimwambia kwamba hakuudanganya mchezo peke yake, bali alijidanganya mwenyewe, na kwamba ushindi wake ulikuwa mtupu. Lilirudiwa kwa kejeli mara nyingi mno hata likageuka utani wa mtandaoni.

Nyuma ya utani huo kuna swali linalowachanganya wengi, wachezaji na wazazi wao pia. Kitenzi kudanganya hakitulii bila kumtaja anayedanganywa. Ukisema fulani amedanganya, msikilizaji atataka kujua amemdanganya nani. Sasa mtu aliyejifungia chumbani na mchezo usio na mpinzani wa kibinadamu, akaandika msimbo wa kumpa uhai usiokwisha, amemdanganya nani? Kompyuta haina moyo wa kuumia, na aliyeutengeneza mchezo ameshalipwa. Anayebaki ni yeye mwenyewe, na hapo ndipo watu wawili wenye akili zao timamu wanapoweza kubishana usiku kucha, mmoja akisisitiza kwamba hakuna aliyedhurika na mwingine kwamba raha yote imekwisha kuharibiwa. Kwa maoni yangu wote wawili husema kweli, ila mara nyingi kila mmoja ana chiti yake akilini na mchezo wake akilini, na hawajagundua kwamba hawazungumzii kitu kimoja.

Tuanze na maneno. Mchezo wa mtu mmoja ni mchezo wa video ambao mchezaji huucheza peke yake dhidi ya kompyuta, au hata bila kushindana na chochote, kwa mfano anapojenga mji au kufuata hadithi. Chiti, neno ambalo wachezaji wamelitohoa na kulizoea kuliko tafsiri zake zote, ni amri, msimbo au programu inayompa mchezaji kitu ambacho kanuni za kawaida za mchezo zisingempa, au zisingempa kwa wepesi huo: fedha, silaha, uhai, uwezo wa kupita ukutani. Msimbo wenyewe ni mfuatano wa herufi au vitufe tu, kama neno la siri la kufungulia mlango.

Mtu anayetumia programu ya kuona nyuma ya kuta katika mchezo wa kushindana mtandaoni si wa makala hii. Huyo ana anayemdanganya, tena wengi: kila aliyeingia uwanjani akiamini kwamba wote wanafuata kanuni zilezile. Sehemu kubwa ya hasira inayoelekezwa kwa wachezaji wa peke yao imeazimwa kutoka huko, na ni hasira iliyopotea njia.

Hata baada ya kumweka kando huyo, mpaka wa chiti haujanyooka. Mtafiti Mia Consalvo, aliyechapisha mwaka 2007 kitabu kizima kuhusu udanganyifu katika michezo ya video, alikuta wachezaji wana vipimo mbalimbali. Wako waliohesabu kwamba hata kusoma mwongozo wa namna ya kuvuka hatua fulani ni udanganyifu, kwa kuwa mtu alipaswa kufumbua fumbo kwa akili yake mwenyewe. Wengine walikubali mwongozo lakini wakakataa misimbo. Na wako walioshikilia kwamba pasipo mtu mwingine wa kudhulumiwa, neno lenyewe halina kazi.

Dhana inayorudiwa sana ni kwamba chiti ilibuniwa na wavivu ili kukwepa jasho. Historia inasema vingine. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa akiuhamisha mchezo wa Gradius kutoka mashine za kumbi za michezo kwenda kwenye kifaa cha nyumbani cha Nintendo. Kazi ilimlazimu kuucheza ili kuukagua, na yeye mwenyewe akauona mgumu kupita kiasi. Akajiwekea mfuatano wa vitufe, juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unaoipa ndege yake silaha karibu zote papo hapo. Mfuatano huo ukabaki ndani ya mchezo uliouzwa, kisha ukahamia katika michezo mingine ya kampuni hiyo. Katika Contra, toleo la nyumbani la mwaka 1988, ulimpa mchezaji maisha 30 badala ya 3, na ndipo ulipopata umaarufu wake. Chiti hiyo ilizaliwa kama zana ya fundi, sawa na ngazi ambayo mjenzi huiegemeza ukutani kabla nyumba haijawekwa vidato. Ilipobaki pale baada ya kazi kwisha, wapita njia nao wakaipanda.

Doom, mchezo wa kupigana kwa bunduki uliotoka Desemba 1993, ulikuwa na misimbo yake: IDDQD humfanya mchezaji asidhurike, IDKFA humpa silaha zote na funguo zote. Ilienea hata watu wakaijua kwa moyo kama namba ya simu ya nyumbani. Mwaka uliofuata ukaja mchezo wa Heretic, uliotengenezwa juu ya mtambo uleule wa programu, na watengenezaji wake wakijua fika kwamba wachezaji wa Doom watajaribu mazoea yao. Aliyeandika IDDQD humo alikufa palepale. Aliyeandika IDKFA alinyang'anywa silaha. Naupenda utani huu, kwa sababu unaonyesha kwamba kati ya watengenezaji na watumiaji wa chiti kulikuwa na mazoea kama ya watani wa siku nyingi, wala si uadui.

Kwa nini tujiwekee vikwazo?

Ili kuelewa chiti inaondoa nini, inafaa kujiuliza kwanza mchezo una nini. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, alitoa jibu ambalo sijaona lililo jepesi kulizidi: kucheza ni kukubali kwa hiari kupambana na vizuizi ambavyo havikuwa vya lazima. Mfano wake ni gofu. Kama shabaha ni mpira kuingia shimoni, njia ya haraka ni kuubeba mkononi, kwenda nao na kuudumbukiza. Hakuna mcheza gofu anayefanya hivyo, si kwa kuogopa adhabu, bali kwa kuwa mpira kuwa shimoni si kitu anachokihitaji. Anahitaji kuufikisha kwa fimbo, kutoka mbali, kwa shida.

Kwa hoja hiyo chiti ingeonekana kuwa sawa na kuubeba mpira mkononi, na mjadala ungefungwa. Lakini mchezo wa video si gofu. Ndani ya mchezo mmoja mara nyingi mna michezo mitano au sita iliyofungwa pamoja: kuna hadithi ya kufuata, ulimwengu wa kutembelea, mapigano, hesabu ya mali, nyumba ya kupamba, mafumbo. Mtu aliyeununua kwa ajili ya hadithi hakukubali kwa hiari vizuizi vya mapigano, alivikuta njiani. Wa mapigano naye huenda akaruka kila mazungumzo kwa kubonyeza kitufe bila kusoma, na hatujasikia mtu akimwita mdanganyifu. Ajabu ni kwamba kuruka hadithi hakuna jina baya, lakini kuruka pigano kuna jina baya.

Hapa ndipo ninapopendekeza tofauti moja ambayo huondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko. Katika kila mchezo kuna mhimili na kuna kero. Mhimili ni kile kinachobeba raha ya mchezaji huyu. Kero ni kile anachokivumilia ili aufikie mhimili. Chiti inayoondoa kero huongeza raha, na inayoondoa mhimili huiangusha nyumba nzima. Ugumu unakuja pale ambapo mhimili wa mtu mmoja ni kero ya mwingine, na pale ambapo mchezaji mwenyewe hajui kipi ni kipi mpaka akiondoe. Hilo la pili lilinipata.

Herufi saba

Nilipoanza kuucheza Grand Theft Auto (GTA): San Andreas, mchezo wa uhalifu mjini wa mwaka 2004, kwenye kompyuta, nilikuwa na karatasi iliyojaa misimbo kabla hata sijaujua mji. Hadithi inaanza na Carl Johnson akirudi nyumbani kumzika mama yake. Kabla hajafika, polisi wala rushwa wanamsimamisha, wanamnyang'anya fedha zake na kumtupa katika mtaa wa maadui; dakika chache baadaye yuko juu ya baiskeli, anakanyaga pedali huku nyuma yake zikilia risasi. Mimi nikaandika HESOYAM. Herufi hizo saba humrudishia uhai, humpa fulana ya kuzuia risasi na kumtilia mfukoni dola 250,000. Nikaandika mara nne. Kijana aliyekuwa hana hata senti akawa milionea akiwa bado anakanyaga pedali.

Saa ya kwanza ilikuwa tamu. Nilinunua nilichokitaka, nikaingia matata na polisi, nikafuta matata hayo kwa AEZAKMI ambao huwafanya wasikufuate kabisa. Kisha nikarudi kwenye hadithi, na hapo kukawa na kitu kilichovunjika ambacho sikuweza kukitaja jina wakati ule. Hadithi haikujua kwamba mimi ni tajiri. Watu waliendelea kumtuma Carl kazi za hatari kwa ujira mdogo, naye akaendelea kuzikubali, na mimi niliyemshika mkono sikuona tena kwa nini akubali. Sikuwa nimeondoa ugumu, maana misheni zenyewe, yaani kazi hizo za hatari, zilikuwa zilezile. Nilichokiondoa ni sababu. Kila silaha, kila nyumba, kila suti ingekuwa alama ya hatua fulani, na sasa zilikuwa vitu dukani. Baada ya siku tatu hivi sikuufungua tena mchezo ule kwa muda mrefu, na nilijiambia kwamba umenichosha.

Fedha katika mchezo wa namna ile ni kipimo cha safari. Ukikivunja kipimo, safari inaendelea lakini hujui tena umefika wapi. Nadhani hii ndiyo hali ambayo watu wengi huieleza wanaposema chiti imewaharibia raha, na ndiyo maana huwa wanashindwa kuieleza vizuri: wanadhani wamekosa changamoto, ilhali wamekosa maana ya zawadi.

Linganisha na The Sims, mchezo wa mwaka 2000 wa kuendesha maisha ya familia za kubuni. Katika toleo la kwanza msimbo rosebud uliipa familia 1,000 za sarafu ya humo, na tangu toleo la pili la mwaka 2004 motherlode huipa 50,000. Kuna watu wameucheza kwa miaka mingi na hawajawahi kumpeleka mhusika wao kazini hata siku moja. Wanaandika motherlode mara tano, wananunua kiwanja, wanaanza kupanga kuta, na saa nne zinapita wakibishana na nafsi zao kuhusu dirisha la jikoni. Hawachoki. Fedha kwao ni kero, mhimili ni nyumba. Na kuna jambo la kufurahisha katika asili ya mchezo wenyewe: Will Wright aliuwaza mwanzoni kama mchezo wa kubuni majengo, baada ya nyumba yake kuteketea katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, na wale watu wadogo waliingizwa ili wawe majaji wa nyumba zilizojengwa. Mwenye motherlode kwa namna fulani ameurudisha mchezo kwenye wazo lake la kwanza.

Msimbo wa fedha katika mchezo mmoja ukaua, katika mwingine ukahuisha. Kwa hiyo anayeuliza kama chiti huharibu raha, bila kutaja mchezo wala mchezaji, ni kama anayeuliza kama chumvi ni nzuri bila kusema inatiwa wapi.

Uhaba na wakati wake

Kuna aina ya mhimili inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu haionekani kama raha kabisa wakati ipo. Nao ni uhaba. Katika Resident Evil, mchezo wa kutisha wa mwaka 1996, mchezaji huzunguka katika jumba lenye wafu wanaotembea akiwa na risasi za kuhesabu. Amefika kwenye ujia mwembamba. Bastola ina risasi nne. Mfu anakuja polepole. Apige, au ajaribu kumkwepa na kuziweka risasi kwa ajili ya kile kilicho nyuma ya mlango unaofuata, ambacho hakijui? Hofu yote ya mchezo imo katika hesabu hiyo ndogo. Mpe risasi zisizokwisha, na yule mfu anageuka kuwa kikwazo cha barabarani. Picha ni zilezile na sauti ni zilezile, lakini hofu imekwenda.

Lakini hebu tazama mchezo uleule unafanya nini mwishoni. Anayeumaliza kwa muda usiofika saa tatu hupewa zawadi: kirusha makombora kisichoishiwa. Watengenezaji wenyewe wanamkabidhi kile ambacho kingeuharibu mchezo wao kama angekipata mwanzoni. Na kweli hufurahisha, kwa kuwa mchezaji huyu anajua kila kona ya jumba, anakumbuka ni wapi alitetemeka, na sasa anarudi kulipiza. Chombo ni kilekile, ila wakati wake umebadilika. Ndiyo sababu mtu anayeupitia mchezo mara ya pili au ya tatu kwa chiti hayuko katika hali moja na anayeanza nayo, ijapokuwa wote wawili wameandika msimbo mmoja.

Jambo la wakati lina upande wa pili, usiopendeza. Mwonja asali haonji mara moja. Mtu aliyetumia chiti mara moja kuvuka adui mmoja aliyemshinda kwa siku nzima hukuta kwamba adui anayefuata naye, akimshinda mara mbili tu, ameanza kumfanya aitazame kibodi. Kikwazo kikishakuwa na mlango wa nyuma, hakiogopeshi tena hata kama mlango hujaufungua, na kila kushindwa kunageuka kuwa uamuzi: nijaribu tena, au niumalize sasa hivi? Uamuzi huo unaorudi kila dakika huchosha kuliko ugumu wenyewe.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza hali ambayo wapanda milima, wacheza sataranji na wengine huieleza, ya kuzama katika jambo hadi kusahau saa. Aliona hali hiyo hutokea zaidi pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtendaji; ugumu ukizidi huja wasiwasi, na ukipungua huja uchovu wa kukosa la kufanya. Wanaopinga chiti huutumia uchunguzi huu kama ushahidi wao, na wana haki kwa nusu tu. Chiti humwondoa mtu aliyeko kwenye mizani na kumtupa kwenye uchovu, ni kweli, lakini pia humwondoa aliyeko kwenye wasiwasi na kumleta kwenye mizani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Richard Ryan na wenzake, wakitazama hasa kinachowavuta watu kwenye michezo ya video, uliona raha ikienda pamoja na kujihisi mtu unaweza, na kujihisi una uhuru wa kuchagua. Chiti hugusa vyote viwili kwa mikono tofauti: huongeza uhuru, na mara nyingi hupunguza ile hisia ya kwamba nimeweza.

Watengenezaji kadhaa wamelichukua jambo hili kwa uzito. Mchezo wa Celeste wa mwaka 2018, wa kumpandisha msichana mlima kwa miruko ya hesabu kali, una mipangilio ya usaidizi ambayo mchezaji anaweza kupunguzia mwendo wa mchezo hadi nusu, kuongeza nguvu za kushikilia mwamba, au kutokufa kabisa. Hades, wa mwaka 2020, umekwenda mbali zaidi kwa werevu: ukichagua hali ya mungu, madhara unayopata hupungua kwa asilimia 20, na kila unapokufa yanapungua kwa asilimia 2 zaidi, mpaka asilimia 80. Ni chiti inayomtafuta mchezaji alipo. Mwenye uwezo mkubwa hatapata msaada mwingi kwa kuwa hafi sana, na mwenye kushindwa atabebwa polepole bila mtu kumdhihaki. Hadithi haibadiliki hata neno moja.

Wako pia wale ambao kwao jina chiti halifai hata kidogo. Mtu ambaye vidole vyake havitii haraka, au haoni vizuri, hakosi bidii; anakosa mlango. The Last of Us Part II ulipotoka mwaka 2020 ulikuwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kuucheza, na baadhi yake, kama ule wa kumfanya mhusika asionekane na maadui anapolala kifudifudi, miaka kumi iliyotangulia ungeitwa chiti bila kusita.

Zinazosemwa na zilivyo

Husemwa kwamba kutumia chiti ni kuvunja sheria. Suala hili lilishafika mahakamani Marekani, katika kesi kuhusu Game Genie, kifaa kilichochomekwa kati ya kaseti ya mchezo na mashine ya Nintendo ili kubadili mambo kama idadi ya maisha. Nintendo ilitaka muuzaji wake, kampuni ya Galoob, azuiwe kukiuza, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ikaamua kwa upande wa Galoob, kwamba kifaa hicho hakikutengeneza kazi mpya iliyotokana na nyingine kinyume cha hakimiliki. Aliyenunua mchezo alikuwa akijaribu tu namna tofauti za kuucheza kwa starehe yake. Uamuzi huo ni wa nchi moja na wa kifaa kimoja, na masharti ya programu za leo ni marefu zaidi, lakini wazo la kwamba anayejiongezea maisha sebuleni ni mhalifu halikupata nguvu hata wakati kampuni kubwa ilipolisimamia.

Husemwa pia kwamba chiti huharibu mchezo kabisa, yaani faili lenyewe. Hili lina ukweli kuliko watu wanavyodhani. Katika San Andreas baadhi ya misimbo hukaa ndani ya faili lililohifadhiwa na haifutiki. Aliyewasha ule wa kuwafanya wapita njia wafanye ghasia, kisha akahifadhi, anaweza kufika misheni ya kumwokoa mwanamuziki Madd Dogg aliyesimama ukingoni mwa paa na kukuta anaruka kila mara kabla hajafikiwa, na hadithi inaishia hapo. Katika toleo la Bedrock la Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali, dunia iliyowashiwa chiti haitoi tena tuzo za mafanikio. Na programu za kutoka nje, zinazopakuliwa kutoka tovuti zisizojulikana, zinaweza kuja na virusi. Iliyo salama nayo, ukiisahau imewashwa ukaingia kwenye mchezo wa mtandaoni, inaweza kukufungia akaunti.

Kinyume chake, chiti wakati mwingine huokoa mchezo ulioharibika wenyewe. Wachezaji wa Skyrim, wa mwaka 2011, kwenye kompyuta wanalijua hili: mhusika amenasa ndani ya mwamba, au kazi uliyopewa haisongi kwa sababu ya hitilafu, na baada ya saa 60 za kucheza njia pekee ni kufungua dirisha la amri na kuandika tcl ili upite kwenye jiwe. Sijamsikia mtu, hata mkali kiasi gani, akidai kwamba mchezaji huyo alipaswa kubaki ndani ya mwamba kwa heshima ya sanaa.

Lipo moja ambalo husemwa kidogo kuliko linavyostahili. Misimbo ya zamani ilikuwa ya bure. Siku hizi baadhi ya michezo ya mtu mmoja huuza njia za mkato kwa fedha halisi. Assassin's Creed Odyssey wa mwaka 2018 uliuza nyongeza ya kudumu ya asilimia 50 ya pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi. Muuzaji atakwambia ni huduma kwa wenye muda mchache. Lakini anayeuza dawa ya mwendo wa polepole ndiye aliyeupanga mwendo huo, na mnunuzi ana haki ya kujiuliza kama kero aliyoikuta iliwekwa kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya duka. Msimbo wa Hashimoto haukuwahi kuzua shaka hiyo.

Kwa mtu anayetaka kutumia chiti bila kujinyima, njia ni ya kawaida sana. Hifadhi mchezo kwanza katika faili la pembeni, kisha uandike msimbo humo, si kwenye safari yako kuu. Anza na kidogo: punguza ugumu kabla ya kuuondoa, ongeza risasi kumi kabla ya kuziondolea hesabu. Na kabla ya kubonyeza, jiulize unachokwepa ni kitu gani hasa, maana adui aliyekukasirisha kwa saa nzima na njia ndefu unayolazimika kuitembea upya kila unapokufa ni mambo mawili, na mara nyingi ni ile njia unayoichukia.

San Andreas niliuanza upya baada ya miaka. HESOYAM sikuuandika hata mara moja mpaka hadithi ilipokwisha, na fedha za kwanza alizozipata Carl nilizitumia kwa uchungu kama zangu. ROCKETMAN, ule wa kumpa mkoba wa kurukia angani, niliuandika siku ya kwanza kwenye faili la pembeni, kwa sababu nilitaka kuuona Mlima Chiliad kutoka juu.